Harufu Iliyofuliwa

"Mama anakuja leo," Kinyozi alisema akiwa bado mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Dobi alikuwa anapiga pasi shati la mteja. Mkono ulimganda, pasi ikatulia juu ya kola, na alipokumbuka kuiinua, kitambaa kilikwisha kuwa rangi ya chai. Mwanamke huyu hakuwahi kuunguza nguo ya mtu. Wateja walimsifia hilo kama wengine wanavyosifiwa uzuri, ingawa uzuri nao alikuwa nao.

"Leo? Si ulisema Jumapili?"

"Kabadilisha. Anasema Jumapili utakuwa umeshajipanga. Anataka akukute ulivyo."

"Nilivyo," Dobi alirudia, akilikunja lile shati kwa haraka ili asilione tena.

"Usiogope basi. Ni mama yangu, si mkaguzi."

"Kuhusu paka umemwambiaje?"

Kinyozi alikiweka kiatu chini polepole, kama mtu anayetafuta jibu sakafuni. "Nimemwambia wanaendelea vizuri."

"Wanaendelea vizuri!"

"Wanaendelea, hilo ni kweli. Vizuri nimeongeza mwenyewe."

Nyuma ya mlango wa chumbani ikasikika ngurumo ndefu ya chini kwa chini. Nyuma ya mlango wa stoo ikajibiwa. Wachumba wakatazamana, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Kinyozi akakosa mzaha.

Inabidi nikueleze hao paka walikotoka, maana ndoa nzima ilikuwa imening'inia kwenye mikia yao.

Dobi na Kinyozi ndivyo walivyoitana, na mtaa mzima uliwafuata. Walijuana kwa makoti. Kinyozi alikuwa akileta makoti yake meupe ya kazi yafuliwe mara moja kwa juma. Kisha ikawa mara mbili. Kisha yakaanza kuja makoti yasiyo na hata unywele mmoja, na Dobi, ambaye hakuwa mjinga, akayafua hivyohivyo na kuyatia wanga mpaka yakasimama yenyewe. Siku moja Kinyozi akaja na koti bado lina mikunjo ya pasi yake Dobi. Akasema, "Sina tena kilichochafuka. Nikitaka kukuona nilete nini?" Dobi akajibu, "Njoo mikono mitupu." Uchumba ukaanzia hapo.

Kisha wakaenda kwa daktari wa mifugo kuchukua paka wa kufugia katika nyumba watakayoishi. Mmoja tu, ndivyo walivyokubaliana. Daktari alikuwa na baraza lenye vizimba vya wanyama walioachwa. Kinyozi akanasa kwa paka mdogo mweupe mwenye baka jeusi puani. Dobi akacheka: "Maisha yangu yote napigana na madoa, leo nilipeleke moja nyumbani kwa hiari?" Jina likapatikana palepale, Doa. Lakini Dobi mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya kizimba kingine. Humo alikaa paka mkubwa wa kahawia, begani hana manyoya, mahali alipomwagiwa maji ya moto na mtu asiyejulikana.

"Huyo karudishwa mara mbili," daktari alisema. "Watu wanamchukua, wanamkuta mwoga, wanamrudisha. Akirudi tena sijui nitamwek—"

"Namchukua," Dobi akamkata.

"Kwa nini huyu?" Kinyozi alimuuliza njiani.

"Nimempenda tu."

Wakamwita Kipara, kwa heshima ya kazi ya bwana harusi.

Daktari aliwapa masharti. Paka wanajuana kwa pua kabla ya macho, alisema. Kila mmoja akae chumba chake. Kila mmoja atandikiwe kitambaa alalie, halafu vitambaa vibadilishwe, cha huyu apewe yule, mpaka kila mmoja amzoee mwenzake bila kumwona. Ndipo mlango ufunguliwe kidogo. Dobi alishika masharti hayo kuliko wengine wanavyoshika sala. Vitambaa vilikwenda na kurudi kila asubuhi. Lakini kila walipoachiwa upenyo wa mlango waonane, paka hao walitukanana kama watu wasiowahi kusikiana majina. Doa alivimba mara mbili ya ukubwa wake. Kipara alirudi nyuma mpaka ukutani, akajikojolea.

Hapo ndipo woga ulipomwingia Dobi na kukataa kutoka: kama paka wawili wameshindwa kuishi nyumba moja, wao wawili wataweza? Alikuwa na ndoa nyingine kabla, watu wote walijua. Walipomuuliza kilichotokea, alikuwa na neno moja, "Hatukuelewana," na neno hilo alikuwa amelinyoosha kwa miaka mpaka halikuwa na mkunjo hata mmoja. Kinyozi alilipokea, hakuuliza zaidi. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakuwahi hata kuinua sauti. Mwanamke mwingine angemshukuru Mungu, lakini Dobi ilimnyima usingizi, kwa sababu yule wa kwanza naye alikuwa mpole uchumba mzima. Kila mwanamume ana siku yake ya kwanza ya hasira, alijiambia. Siku hiyo sauti hupanda, na nyuma ya sauti huja mkono. Ya Kinyozi ilikuwa bado haijafika.

Alimpenda, jamani. Alimpenda hadi kuchoka. Alipomwona dirishani kwake kazini akimshika mtoto kidevu ili amnyoe kisogo, alisahau alikokuwa akienda. Na ndiyo maana asubuhi hiyo, aliposikia habari za mama, alikwenda chumbani, akaivua pete ya uchumba, akaitia katika mfuko wa aproni. Paka wakishindwana mbele ya mama, ataitoa na kuirudisha kwa adabu. Heri arudishe yeye kuliko kurudishwa.

"Tumtoe Doa tu," Kinyozi alishauri. "Akae sebuleni, mama amwone katulia. Kipara abaki stoo. Mama akimuuliza, amelala."

"Akitaka kumwona?"

"Mama hapendi kuamsha watu."

Mama alibisha hodi akiwa ameshaingia. Alikuwa mwanamke mpana aliyepikia shule ya bweni maisha yake yote. Watu walisema pua yake ilijua chumvi imezidi kabla hajafunua sufuria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba inanukia."

"Asante, mama."

"Sikusifu. Nasema inanukia tu." Akaketi. Akatazama magunia ya nguo, henga zilizopangwa ukutani, meza ya pasi, na Doa aliyejikunja juu ya kiti cha pili. "Huyu nani?"

"Doa," Kinyozi alidakia. "Mtulivu sana, mama. Huwezi kujua kama yumo."

"Na mwenzake?"

"Amelala."

"Hm." Mama akamgeukia Dobi. "Mimi sijui kuzunguka, mwanangu. Nitauliza mara moja, maana mtoto ninaye huyu mmoja, sina wa akiba. Ndoa yako ya kwanza ilivunjwa na nini?"

"Mama!" Kinyozi alisema.

"Wewe nyamaza. Nimemuuliza mke, sikumuuliza mume."

Dobi akajikaza kisabuni, akatabasamu. "Hatukuelewana tu, mama."

"Hamkuelewana lugha?"

"Tabia."

"Ya nani?"

Kijasho chembamba kilimtoka. Alimtupia Kinyozi jicho la kuomba msaada, akakuta macho ya Kinyozi nayo yanangoja jibu. Hakuwahi kuyaona yakimngoja hivyo. Akayakimbia, akatazama vidole vyake vilivyonyauka kwa maji.

"Ni mambo ya zamani, mama. Yamekwisha."

"Yaliyokwisha hayatoi mtu jasho," mama alisema, akainuka. "Haya. Msalani wapi? Huku?"

"Si huko, mama!" walisema wote wawili.

Mlango wa stoo ulikwisha kufunguka.

Kipara alitoka kama aliyerushwa, akiburuta kitambaa chake kilichonasa kwenye kucha. Doa akaruka kutoka kitini. Wakakutana katikati ya sakafu na mlio ambao, kama hujawahi kuusikia, uombe usiusikie. Manyoya yakapaa. Beseni likapinduka. Mama akapiga ukelele, mguu mmoja juu. Na Kinyozi, aliyemwona mama yake anayumba na Doa yuko chini ya yule mkubwa, akanyakua taulo, akainua mkono juu, akanguruma:

"Weee! Acha! Nimesema acha!"

Taulo likapiga sakafu kwa kishindo. Kufumba na kufumbua Doa alikuwa juu ya kabati na Kipara amerudi stoo, chini ya rafu ya mwisho. Maji yakachuruzika kutoka kwenye beseni.

"Mama, umeumia?" Kinyozi aliuliza, anahema. "Dobi? Dobi yuko wapi?"

Dobi alikuwa chini. Alikuwa kati ya meza ya pasi na ukuta, magoti yamegusa kidevu, mikono yote miwili imefunika kichwa. Hakukumbuka alivyofika pale. Mwili ulikuwa umejipeleka wenyewe.

"Nimeteleza," alisema kutoka kulekule chini. "Samahani. Sakafu ina maji. Nimeteleza."

Maji yalikuwa upande mwingine wa chumba. Pale alipokuwa yeye palikuwa pakavu kabisa. Kinyozi alitazama sakafu kavu, akamtazama Dobi, kisha akatazama taulo mkononi mwake. Akaliachia kama linalounguza.

"Hakuteleza," mama alisema taratibu. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

Mama akaufunga mlango wa stoo. Akainama kuokota kile kitambaa kilichoburutwa, labda kwa kukosa la kufanya kwa mikono. Akakisogeza puani, mara moja, kisha tena.

"Hiki ni cha nini?"

"Cha paka, mama," Dobi alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Alikilalia Doa. Asubuhi nimempa Kipara, apate kumzoea."

"Doa yuko wapi humu?"

"Mama?"

"Nanusa sabuni. Nanusa wanga. Nanusa pasi. Paka simnusi."

"Nimekifua," Dobi alisema. "Kabla sijampa mwenzake nakifua kwanza, nakinyoosha. Siwezi kumpa mtu kitambaa kikiwa..."

Akaishia hapo. Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

"Kila siku?" Kinyozi aliuliza.

"Kila siku."

"Daktari kasema wapeane harufu."

"Na mimi nimeifua." Dobi akataka kucheka, kikatoka kilio. "Siku zote hizi. Hawajawahi kujuana hata kidogo. Nimewapa sabuni tu."

Mama alimtazama, na uso wake mpana ukalegea mahali fulani karibu na mdomo. "Basi hao hawajagombana bado. Ndiyo kwanza wamekutana." Akakiweka kitambaa juu ya meza. "Na huyu wangu naye, nadhani, umemfulia harufu yako. Hatukuelewana, mambo ya zamani, yamekwisha. Mficha uchi hazai, mwanangu. Mimi naingia jikoni kuchemsha maji ya chai. Nitachelewa."

Akaondoka, na mlango akauacha wazi nusu.

Kinyozi akapiga hatua moja kuelekea kwenye meza ya pasi. Dobi hakutaka kujikunja, lakini alijikunja. Kinyozi akasimama. Kisha akashuka, akaketi sakafuni palepale alipofika, miguu imenyooka mbele, viganja juu ya mapaja mahali vinapoonekana.

"Sisogei," alisema. "Niambie tu. Au usiniambie. Lakini usiseme umeteleza."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Dobi aliusubiri uishe.

"Alikuwa hapigi kelele," alianza. "Watu wakisikia habari kama hizi hudhani kulikuwa na kelele. Yeye sauti yake ilipanda kidogo tu, kama anaita mtu wa chumba cha pili. Halafu anakunja mikono ya shati. Mkono wa kulia kwanza, halafu wa kushoto, vizuri kabisa, asiuharibu. Na shati lile nimelinyoosha mimi. Asubuhi nanyoosha mikono ya shati, jioni anaikunja. Nikakimbilia nyumbani kwetu. Wakanirudisha. Wakasema ndoa ni kuvumiliana. Nikarudi kwake, akanipokea vizuri mbele yao, wakaondoka, akakunja mikono. Mara ya pili sikwenda nyumbani tena. Nilikwenda popote."

Kinyozi alikuwa ameinamisha kichwa. Aliponyanyua uso, macho yalikuwa mekundu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniangalia kama unavyoniangalia sasa."

"Nakuangaliaje?"

"Kama kitu kilichovunjika."

"Siyo." Akatikisa kichwa kwa nguvu. "Siyo, Dobi. Nakuangalia kama mtu aliyeniogopa. Mimi! Watu wananipa koo zao asubuhi mpaka jioni, wembe ninao mkononi, na wengine wanasinzia. Wewe nimekutisha kwa taulo."

"Si wewe."

"Ni mimi. Nilikuwa nimeinua mkono, nimeuona." Akaviangalia viganja vyake. "Nina hasira, hata sijui niiweke wapi. Yule mtu simjui, nyumbani kwenu siwajui. Sina wa kumkasirikia humu ndani isipokuwa mwenyewe."

Dobi alisikia neno hasira. Akaingiza mkono katika mfuko wa aproni, akaigusa pete. Sasa anajua, alifikiri. Sasa ndipo ninaporudishwa. Afadhali niwahi.

"Sikiliza," Kinyozi alisema, kwa ile sauti ya upole aliyoijua. "Kuna jambo naweza kulifanya. Kelele kama hizi wewe huziwezi. Doa peke yake hana shida na mtu. Kesho nimpeleke Kipara kwa daktari. Tumrudishe tu, nyumba itulie, wewe upumzike, halafu—"

"Harudishwi!"

Sijui nani alishtuka zaidi. Neno lilitoka tumboni mwa Dobi, kubwa, lina kucha. Juu ya kabati Doa alinyanyua masikio.

"Harudishwi!" alirudia, na sasa alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa meza ya pasi. "Amefanya nini? Amemwagiwa maji ya moto, akawa mwoga, hilo ndilo kosa? Mimi ndiye niliyeharibu vile vitambaa, yeye kosa lake lipi? Kila mtu anamtaka mpaka ajue anaogopa, halafu wanamrudisha! Ukimrudisha yeye na mimi nirudishe hukohuko!"

Alikuwa amemfokea mwanamume ndani ya nyumba, mama yake akiwa jikoni. Alimwona Kinyozi anabadilika uso. Aliuona mstari ukijichora kati ya nyusi zake, shingo ikivimba, na akajua kwa hakika kwamba ile siku imefika. Hii hapa. Sauti inapanda.

"Usinifokee mimi!" Kinyozi alipaza sauti. "Nani kasema simtaki? Namlisha mimi kila asubuhi, hata kidole keshaning'ata, nimekwambia? Sikukwambia! Nilikuwa nawaza wewe! Kila siku nawaza wewe unataka nini, maana wewe husemi, mimi nabahatisha tu kama mwendawazimu! Nimechoka kubahatisha!"

Sauti yake iligonga ukuta na kurudi. Dobi alingoja kinachofuata.

Alingoja. Viganja vya Kinyozi vilikuwa bado juu ya mapaja. Alikuwa amekasirika kwelikweli, pua imemtanuka, jicho limemtoka, na alikuwa amekaa vilevile chini kama mtoto aliyenyimwa kitu. Hakuna kilichofuata. Hasira yake ilikuwa imefika na ndiyo hiyo, yote, mbele yake, inahema.

Ndipo Dobi alipogundua kwamba mikono yake mwenyewe haikuwa kichwani. Mmoja ulishika meza, wa pili ulikuwa bado mfukoni, pete imekamatwa ndani ya ngumi.

"Mnagombana?" mama aliita kutoka jikoni.

Wakatazamana.

"Ndiyo, mama," Kinyozi alijibu.

"Ndiyo, mama," Dobi alijibu.

"Haya, endeleeni. Maji yangu hayajachemka."

Kona ya mdomo wa Kinyozi ikataka kucheka, akaizuia, kwa sababu alikuwa bado amekasirika na alikuwa na haki yake. Dobi aliogopa bado. Nisikudanganye kwamba woga uliondoka. Lakini alikuwa amesimama. Akaitoa pete mfukoni, akaivaa. Ilikuwa ya moto kwa jasho la kiganja.

"Na jambo jingine," alisema, sauti ikitetemeka.

Kinyozi akajiweka sawa sakafuni, akamsikiliza.